Kiraka Katika Sauti ya Mkwe

Ukungu wa Kipengere hauna adabu. Unaingia bila hodi na unakaa unavyotaka. Asubuhi hiyo ulikuwa umelala juu ya uwanja mzima, nami nilikuwa na abiria sitini na kitu nyuma yangu ambao kila mmoja alikuwa na mahali pa kuwahi.

"Muite mnara," nilimwambia Vuai.

Vuai ni rubani msaidizi wangu, mtoto wa Makunduchi, msemaji sana ardhini na mpole sana angani. Alinitazama kwa jicho la pembeni. "Si mkweo huyo aliye zamu? Muite mwenyewe."

"Vuai, usinianze."

"Haya Kapteni, nimekoma."

Akabonyeza kitufe cha maiki, akaanza kazi.

Niwaeleze mapema ili tusisumbuane. Mimi ni Mnyakyusa, na kwetu mkamwana hasemi na baba mkwe. Hamtazami, hapishani naye mlangoni, jina lake halitamki. Hata hapa silitaji, na anayelitaka akaulize kwingine. Sasa Mungu naye ana utani wake: nikasomea urubani, nikaolewa na Ambokile, na baba yake Ambokile ndiye mwongoza ndege mkuu wa mnara wa Kipengere. Tungefanyaje? Tulijipangia. Mzee akiwa zamu, Vuai ndiye anasema redioni. Ikitokea Vuai kabanwa na kazi nyingine, nikashika maiki mimi, mzee ananyamaza hapohapo. Unasikia kiti chake kinakwaruza sakafu, halafu Edina, msaidizi wake, ndiye anajibu. Uwanja mzima unajua, hadi wapakia mizigo wanatutania. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyevunja.

"Korongo Saba, Kipengere," sauti ya mzee ikaja masikioni mwetu, na kile kikohozi chake kidogo baada ya jina la ndege yetu na la uwanja. "Shika mhimili. Njia iko wazi. Kipimo cha hewa, elfu moja kumi na sita."

Ndege ilikuwa imeshika mihimili tayari. Tangu dhoruba za jua ziunguze setilaiti, tumerudi kwenye mambo ya babu zetu: mihimili miwili ya redio inayotoka uwanjani, mmoja unakuonyesha kama umeenda kushoto au kulia, mwingine kama uko juu au chini ya mteremko. Ukiifuata vizuri inakufikisha mlangoni mwa njia hata kama huoni pua yako mwenyewe. Ila haikuambii kama mlangoni pana kitu. Hilo unaambiwa na mtu wa mnarani, na mtu wa mnarani unamsikia kwa redio, na jua lililounguza setilaiti ndilo hilohilo linalokula maneno redioni. Sentensi inaondoka huko nzima, inafika kwako na mapengo.

Ndiyo maana kilipokuja Kiraka, mashine ya kuziba mapengo hayo, tulishangilia, mimi nikiwemo. Kiraka kimesikiliza kila mwongoza ndege na kila rubani wa nchi hii kwa muda mrefu mpaka kimemjua. Neno likiliwa njiani, kinalishona kwa sauti ya mtu huyohuyo, kwa yale ambayo angesema. Husikii mshono. Mwanzoni palikuwa na taa ndogo ya njano iliyowaka kila kinapojaza pengo. Wakaiondoa, eti utafiti umeonyesha inawatia marubani wasiwasi. Na swichi ya kukizima wakaifunga kwa waya na lakiri nyekundu, ili asije akatokea mjuaji akaicheza.

Vuai akarudia agizo kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa nashughulika na magurudumu, nikasikia kwa sikio moja tu.

"Sahihi," ikajibu sauti ya mzee.

Nikatazama saa ya kimo, ambayo huwekwa kwa kipimo hicho cha hewa. Nikamtazama Vuai.

"Umemrudishia ngapi?"

"Kumi na tisa." Akasita. "Lo! Alisema kumi na sita."

"Na amekujibu sahihi."

"Labda mzee kachoka."

"Yule?" Nilitaka kucheka lakini kicheko hakikutoka. Mzee yule aliwahi kumzungusha Vuai hewani kwa sababu alimeza tarakimu moja. Kurudia agizo kwake ni kitu cha kufa na kupona: yeye anasema, wewe unarudia, yeye anasikiliza umekosea wapi. Marubani vijana wanamwita Msahihishaji, na si kwa kumsifu.

Vuai alirekebisha kipimo, mikono yake ikienda haraka. "Tena wanacho na wao kule mnarani," alisema. "Labda pengo lilikuwa upande wao. Kiraka chao kimemsomea jibu sahihi kwa sauti yangu."

"Basi nani anaongea na nani hapa?"

Nje ya kioo palikuwa peupe tupu, na mishale ya mihimili yote miwili ilikuwa imetulia katikati, safi kabisa.

Mafuta tuliyokuwa nayo yalitosha jambo moja. Ama kuzunguka na kujaribu tena Kipengere, ama kwenda uwanja wa akiba kule bondeni, ambako nako tuliambiwa ukungu unapanda. Si yote mawili. Nikipanda kwa wasiwasi tu, na kumbe mzee ndiye huyo anaongea, nitakuwa nimetupa nafasi nzuri niliyopewa na kuwaingiza watu sitini kwenye kubahatisha. Nikishuka, na kumbe si yeye, sijui nashukia nini.

Kujua kama ni yeye kulikuwa na njia moja.

"Nipe redio."

"Kapteni, mzee yuko zamu."

"Najua yuko zamu! Nipe."

Akaniachia. Nilibonyeza kitufe. "Kipengere, huyu ni kapteni wa Korongo Saba. Naomba uthibitishe njia iko wazi."

Halafu nikaanza kuomba kunyamaziwa. Kweli, niliomba. Nyamaza, Baba. Sogeza kiti. Mpe Edina maiki. Nisikie tu kiti kikikwaruza nishuke nikanywe chai.

"Korongo Saba, Kipengere." Kikohozi kidogo. "Njia iko wazi, Kapteni. Karibu nyumbani. Ruhusa kutua."

Haikusita hata kidogo. Ilikuwa sauti yake kabisa, pamoja na ile pumzi anayoivuta puani kabla ya neno la mwisho, na ilikuwa inaongea na mimi.

"Tunapanda," nilisema.

"Kapteni, ruhusa katoa!"

"Hajatoa mtu. Pandisha magurudumu!"

Nikasukuma vikono vya injini hadi mwisho. Ndege ikaguna, ikainua pua. Tulikuwa chini sana, karibu na kimo kile ambacho rubani huamua anaona njia au haoni. Nyuma mtoto alianza kulia na mtu akapiga kelele ya kumwita Mungu. Chini yetu, kwenye ule weupe, niliona kwa mara moja mwanga mwekundu unaozunguka, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mwanga wowote. Kisha ukungu ukaumeza.

Vuai naye aliuona. Midomo yake ilikuwa inasoma kitu bila sauti.

"Kata lakiri," nilimwambia.

"Watakunyang'anya leseni."

"Kata, Vuai. Au nishike usukani kwa meno nikate mwenyewe?"

Akautia waya kwenye makali ya kifungo cha chuma cha mkanda wake, akauvuta. Lakiri ikaanguka miguuni kwetu, akaizungusha swichi.

Sikuwa nimesikia redio tupu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesahau ilivyo mbaya. Ni mkwaruzo tu, kama mafuta yanayokaangia kitu, na ndani yake hamna mtu. Tulikaa tunausikiliza huku ndege ikipanda. Nilianza kujilaumu. Nilianza kufikiri nimeacha njia iliyo wazi kwa sababu ya mila za nyumbani.

Halafu mkwaruzo ukapasuka kidogo.

"...anda ju..." Ukafunga. Ukapasuka tena. "...tu njiani... imevunji..." Ukafunga. Na katika upenyo uliofuata nikasikia neno moja zima.

"Tusekile!"

Mzee aliyekuwa akipita mlango wa nyuma nikiwa sebuleni, aliyehudhuria arusi yetu akiwa nyuma ya pazia, alikuwa analiita jina langu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele.

"Tusekile! Mwana... pan... Tuseki..."

Vuai alifunika uso kwa kiganja, kisha akakumbuka ana kazi, akakitoa. "Alikuwa anatuita," alisema. "Alikuwa anatuita wakati wote ule."

"Nakusikia, Baba," nilisema kwenye maiki. Ndilo neno la kwanza maishani mwangu nililomwambia yeye kama yeye. "Tumepanda. Tuko salama. Nakusikia vipandevipande."

Mkwaruzo. Halafu: tak.

Marubani wa zamani, redio ikiwafia, walikuwa hawahangaiki na maneno. Walibonyeza kitufe tu: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mzee ndiye aliyetufundisha jambo hilo, Vuai akiwa darasani na mimi nikiwa nimekaa nje ya mlango na daftari langu mapajani. Kiraka huihesabu mibonyezo kuwa kelele, kinaifuta. Lakini mbonyezo ni mfupi, unapenya mahali neno halipenyi.

"Baba, kuna ndege imekwama njiani?"

Tak.

"Itaondolewa sasa hivi?"

Tak, tak.

"Twende uwanja wa akiba?"

Tak. Na baada ya hapo akabonyeza tena na tena, mara moja, mara moja, mara moja, mpaka milima ikatukinga na hatukusikia kitu.

Bondeni tulitua taa ya onyo la mafuta ikiwa inawaka, ukungu ukiwa umefika kwenye uzio wa uwanja. Abiria mmoja alinilaumu kwa kumchelewesha mazishini. Nilimwomba radhi, nikaingia chooni, nikalia hadi kwikwi ikanishika.

*

Wakubwa wa kazi walituita kikaoni. Kampuni iliyotengeneza Kiraka ilimleta Mhandisi Shekiondo, kijana mwenye suti iliyomkaa vizuri na sauti ya upole, na kwa kweli nilitaka awe mtu mbaya lakini hakuwa. Alitueleza kilichotokea: ndege ya mizigo ilikuwa imevunjika gurudumu la mbele, ikalala katikati ya njia. Mzee akaanza kutuita mara moja. Dhoruba ikala karibu kila alichosema. Kiraka kikapokea vipande, kikapima, kikashona.

"Kikashona nini?" niliuliza. "Alisema panda juu, nyie mkanipa ruhusa kutua!"

"Kapteni, asubuhi hiyo mzee alikuwa ametoa ruhusa ya kutua kwa kila ndege. Na mpangilio wa sauti uliotufikia ulikuwa na kitu ambacho hajawahi kukisema redioni tangu tuanze kumsikiliza."

"Kitu gani?"

Akatazama meza. "Jina lako. Mfumo uliona haiwezekani akawa amelitamka. Ukalichukulia kama kelele, ukaliondoa, na maneno yaliyolizunguka yakaondoka nalo."

Edina alikuwa amekaa upande wa pili, macho mekundu. Aliniambia baadaye kwamba mzee aliita akiwa amesimama, ngumi zikipiga kioo cha mnara, na Edina alipomwambia ampe yeye maiki, mzee alimsukuma.

"Mimi sijaja kuwatukana," nilimwambia Shekiondo. "Nakuuliza kitu kimoja. Pengo likitokea, kwa nini msiniachie pengo langu?"

"Kwa sababu marubani wakiachiwa mapengo wanaanguka," alisema. Hakusema kwa kiburi. "Kabla ya Kiraka tulizika watu wengi, Kapteni. Unajua. Unataka nikizime kwa nchi nzima?"

Nilizika rafiki zangu wawili miaka ile, na mmoja sanduku lake lilikuwa jepesi.

"Hata hivyo tumesharekebisha," aliongeza, akifunga mkoba wake. "Kimejifunza."

Nilipewa onyo, si adhabu. Swichi ikafungwa lakiri mpya, na waya safari hii ulikuwa mnene zaidi.

Nyumbani mambo yalirudi yalivyokuwa. Mama mkwe alikuja na jogoo mweupe, akaniambia baba yenu anasema huyu ni wa jina alilolitamka, mmle, myamalize. Sijui kama ndiyo mila yenyewe au mzee aliibuni. Tulimla. Jumapili tulipoenda kwao nilisikia kiatu chake uani, nikageukia ukuta kama kawaida, naye akapita akikohoa kile kikohozi chake ili nijue ni yeye. Ambokile alituona, akatikisa kichwa. Mimi moyo wangu ulikuwa mtulivu. Nilijua yuko wapi na nilijua ananyamaza, na kunyamaza kwake nilikuwa nakuelewa kuliko maneno ya watu wengine wote.

Redioni pia alirudi kunyamaza. Vuai alisema naye, mimi sikusema.

*

Ukungu uliporudi, ulirudi asubuhi kama ile. Vuai alikuwa amebanwa: pampu moja ilikuwa inamsumbua, mikono yote miwili iko juu ya paneli. Tulikuwa kwenye mihimili, tunashuka.

"Korongo Saba, Kipengere," ikaja sauti. Kikohozi kidogo. "Tusekile, mwanangu. Njia iko wazi. Ruhusa kutua."

Vuai aligeuka taratibu, mkono ukabaki hewani.

Ilikuwa imetamkwa kwa upole. Si jina lile lililopasuka kwa kelele. Hili lilikuwa limetulia, limepigwa pasi, limewekwa mahali pake kabla ya ruhusa kutua kana kwamba ndiko lilikokaa siku zote. Nilijisikia kama mtu aliyemkuta mgeni amevaa koti la marehemu wao.

"Ni yeye?" Vuai alininong'oneza.

Na hapo ndipo nilipoona tulichopoteza. Zamani ningeshika maiki, nikasikiliza kama atanyamaza. Lakini mzee alishanijibu mara moja. Alishaniita. Kizuizi pekee ambacho mashine haikukijua, alikivunja mwenyewe ili niishi, na mashine ilikuwa inasikiliza. Labda leo ana jambo kubwa la kuniambia. Labda ameamua tumalize haya mambo ya kuogopana. Ningejuaje?

"Baba," nilisema kwenye maiki, "ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu," ilijibu hapohapo. "Karibu nyumbani."

Lo, nilitamani kuamini! Sina aibu kusema hivyo. Sauti ilikuwa na joto, na mle ndani kulikuwa na kila kitu ambacho mtu angetaka kuambiwa na mzee wake kwenye ukungu. Magurudumu yalikuwa chini. Kimo cha uamuzi kilikuwa kinakuja.

"Vuai, kata."

Hakuuliza safari hii. Waya mnene ulimsumbua, akaukanyagia mguu kwenye ukingo wa paneli na kuuvuta kwa mikono miwili mpaka vidole vikatoka damu. Swichi ikageuka. Sauti ikakatika katikati ya jina langu.

Mkwaruzo ukajaa masikioni. Nikasubiri. Namba za kimo zilikuwa zinapungua, na Vuai alikuwa akizisoma kwa sauti kwa sababu ndiyo kazi yake.

Halafu, kutoka mbali sana, mtu akalijibu swali langu.

Tak.

Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimeanza kutabasamu.

Tak.

Mbili: hapana. Nikasukuma vikono vya injini hadi mwisho, tukapanda.